Yakini ya Mia kwa Mia

Nchi hii haina jina, na wenyewe hawaoni aibu. Siku walipokutana kuipa jina, kila mtu alikuja na lake, majina yakajumlishwa, yakagawanywa kwa idadi ya waliohudhuria, na kilichopatikana hakikutamkika kwa kinywa cha binadamu. Wakaiacha hivyo hivyo, wakaenda kula. Usiwacheke. Wapo wenye nchi zenye majina matamu ya kuimbiwa nyimbo, na hawajui jirani yao ameamkaje.

Katika nchi hiyo, asubuhi ambayo kwa wengine ilikuwa jana na kwa wengine haijafika bado, Mwalimu Siwema alifiwa na bintiye wa pekee. Homa ilimwingia mtoto wakati wa chai, ikatoka naye kabla vikombe havijaoshwa. Jina lake silitaji. Sheria ya huko inakataza maiti kutajwa jina kabla kilio chake hakijapimwa, na nikilitaja mimi huku nje, atakayeadhibiwa ni mama yake kule ndani. Tuvumiliane.

Kilio hupimwa hivi. Mtu akifa, nyumba yake humtoa mlia mmoja, naye hukabidhiwa bilauri yenye mistari miwili iliyokwaruzwa kwenye kioo, mmoja wa chini na mmoja wa juu. Machozi yote ya mlia huyo huingia humo, tangu maiti anapooshwa hadi jua linapovuka kizingiti, na jua la kule halina papara, huvuka pale Baraza la wazee linapoliruhusu. Kisha mshika bilauri huja, huifunga kwa nta na kuipeleka langoni kwa Baraza. Machozi yakisimama kati ya mistari, marehemu huhesabiwa kuwa amekufa: huzikwa katikati ya mji na jina lake huchongwa kwenye jiwe. Yakipungua au yakizidi, basi hakukuwa na mtu. Kilichokuwa kikila, kikicheka na kuchafua nguo hubebwa kwenye jamvi hadi Kando, kwenye nyasi zisizo na njia, na jina lake halitamkwi tena daima. Mama akiulizwa ana watoto wangapi, anajibu bila kukihesabu, na akisita kabla ya kujibu, anashitakiwa.

Sasa ukiniuliza ni nani katika nchi hiyo aliyejua kulia sawasawa, nitakwambia ni Siwema. Ndiye aliyekuwa Mpima Mkuu. Mistari yote aliichora yeye, mwaka baada ya mwaka, na aliujua urefu wa kilio halali kama mpishi anavyojua kiasi cha maji ya wali, kwa jicho tu. Watu wa mtaa walimwonea wivu hata katika msiba. Walisema mtoto wa Mwalimu hana wasiwasi, kaburi lake lipo mjini tayari.

"Lia kwa akili, mwanangu," alimwambia Bi Mkejina, jirani mzee aliyekuja kumwosha mtoto. "Machozi ni chumvi ya mchuzi. Ikipungua utaongeza. Ikizidi, utaichomoaje?"

"Najua, Bi Mkejina."

"Unajua vilio vya watu. Hiki ni chako."

Siwema akalia kwa akili. Aliinamisha uso juu ya bilauri, akayaruhusu machozi moja moja, akayaona yakipanda. Yalipougusa mstari wa chini akavuta pumzi. Mwaka huo mistari ilikuwa imekaribiana mno, katikati yake hapaingii zaidi ya unene wa ukucha. Yalipoingia katikati tu, akajizuia, akafuta macho, akaiweka bilauri sakafuni. Alikuwa amefaulu. Aliona fahari, ndiyo, fahari, maiti ya mwanawe ikiwa haijakauka maji, na sioni kwa nini nimfichie.

Akaenda jikoni kutafuta kanga safi ya kumfunikia mtoto. Juu ya kabati akakuta sahani ya karanga. Binti huyo alikuwa na kituko chake: alizimenya karanga za kukaanga, akala yale maganda mekundu, karanga zenyewe akamwekea mama yake. Siku zote alifokewa kwa hilo. "Wewe mtoto au kuku?" Sahani ilikuwa imejaa, nyeupe, tayari kuliwa.

Kuficha chozi ni kosa kubwa kule, kubwa kuliko kumwiba ng'ombe. Siwema alikimbia na kuinamia bilauri, akalia yaliyokuja yote, na yalikuja bila kumuuliza. Sisi huku tunasema maji yakimwagika hayazoleki. Kwao yanazoleka, na maangamizi ni kuyazoa yote.

Mwinyikombo aliwasili akiwa na nta yake na kijiko. Ndiye aliyekuwa mshika bilauri wa upande ule wa mji, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, miguu yake daima ina vumbi la Kando kwa sababu ndiye pia aliyebeba majamvi. Akavua viatu mlangoni, akampa mkono Bi Mkejina, akampa pole mfiwa. Kisha akaichukua bilauri, akaielekeza kwenye mwanga.

"Imepita, Mwalimu."

"Naona."

"Haikupita sana. Upana wa ukucha."

"Hujaifunga bado," alisema Siwema. "Bwana Mwinyikombo, iinamishe. Kidogo tu. Matone mawili matatu yamwagike hapo sakafuni, mimi mwenyewe nitapadeki."

Mwinyikombo hakuiinamisha. Alikaa kwenye kizingiti, akaipakata bilauri.

"Mimi niliwahi kukuletea bilauri ya mwanangu. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Mimi nimekatazwa kulitaja jina lake. Lakini wewe uliandikiwa kabla ya kupima. Nitajie wewe."

Siwema akatafuta kichwani. Alitafuta kwa bidii na kwa hofu, akapekua kila pembe, na kila alipofikia alikuta tarakimu imekaa mahali pa mtoto. Hatimaye akasema kile alichokikuta.

"Alikuwa mikengeuko miwili na nusu juu ya wastani."

"Sikukuuliza alikaa umbali gani. Nimekuuliza jina."

Bi Mkejina akajifanya anakunja kitambaa. Nje jogoo aliwika saa ambayo haikuwa yake.

"Nililia kupita kiasi, mwanamume mzima," alisema Mwinyikombo. "Ulinitazama ukanambia, 'Pole, umezidi.' Nikambeba mwenyewe hadi Kando, kwa sababu zamu ilikuwa yangu. Sikulia siku ile, nilikuwa nimeshamaliza. Sikukulaumu, Mwalimu, na leo sikulaumu. Lakini nikiinamisha ya wako, nitajiuliza mpaka naingia kaburini kwa nini sikuinamisha ya wangu."

Akainuka. Akaahidi kwamba hataifunga bilauri mpaka jua lifike kizingitini, kama sheria inavyompa haki mfiwa, na kwamba atakaporudi, hatapunguza wala hataongeza. Mkono wake ulikuwa mpole alipoiweka chini. Siwema angefarijika kidogo kama ungekuwa mkatili.

*

Ilianza vizuri, kama mambo mengi mabaya. Baraza liliuliza swali la heri: nchi yetu hulia kiasi gani? Siwema alikuwa msichana mwenye mikia miwili ya nywele, na huenda bado ni msichana huyo, maana kule umri hauendi mbele, huzunguka tu kama punda wa kinu. Akawachagua wafiwa thelathini kwa kura, asimpendelee mtu, akawapa bilauri. Wapo waliojaza mpaka mdomoni. Wapo waliolowesha kitako tu, na mmoja alirudisha bilauri kavu akasema alilia miaka kumi kabla, mume akiwa hai. Siwema akajumlisha, akagawanya kwa thelathini, akampata wastani. Hapo ndipo alipoona jambo la kwanza la kumtia baridi: hakuna hata mmoja katika thelathini aliyelia wastani. Wastani, mgeni huyu, alikuwa amekula sahani ya kila nyumba na hakuna nyumba iliyowahi kumfungulia mlango.

Akataka kujua watu wametawanyika vipi kumzunguka mgeni huyo. Akachukua umbali wa kila mmoja kutoka kwake, akajumlisha, akapata sifuri. Waliozidi na waliopungua waliuana wote, kwenye karatasi nchi nzima ikaonekana imelia sawa. Kwa hiyo akafanya kama wafanyavyo wanahesabu wote: akazidisha kila umbali kwa wenyewe, alama ya kutoa ikafa, akatafuta wastani wa hayo mazao, akautafutia kipeuo chake cha pili. Kilichotoka ndicho mkengeuko, kipimo cha jinsi watu wanavyotangatanga. Hesabu ni safi, siigombi. Lakini tazama kilichotendeka pale alama ilipokufa. Aliyelia mno kwa sababu alipenda mno, na yule asiyelia kwa sababu kifo kilimpumzisha, walitoka upande wa pili wakiwa watu wa aina moja, wote wawili wamekuwa umbali tu. Hasira yangu yote na nchi ile inaanzia hapo.

Mwishoni Siwema akachora mistari miwili, akaandika chini yake sentensi moja ya kweli: Nina yakini ya tisini na tano kwa mia kwamba wastani wa kilio cha nchi yetu uko kati ya mistari hii. Akaituma. Kutoka meza yake hadi langoni si mbali, lakini sentensi ile ilipita vinywani, na ilipofika ilikuwa imeshabadilika sura: watu tisini na tano kwa mia hulia kati ya mistari hii. Ilipolala usiku mmoja langoni, ikaamka hivi: aliyelia nje ya mistari hii si mtu.

Alitoka mbio kwenda kuisahihisha. Hili nalisema kwa haki yake, alitoka mbio kweli. Kufika langoni wakampokea kwa heshima, wakasema Mwalimu umechoka, wakamletea kiti chenye mto, wakakiweka kivulini, wakamwita Mpima Mkuu. Akakaa apumzike kidogo kabla ya kusema. Mpaka leo alikuwa bado amekaa.

Na mistari ikaanza kusogeleana. Ukipima wachache, hujui vizuri wastani uko wapi, mistari inaachana. Ukipima wengi, unamjua zaidi, mistari inakaribiana. Hakuna ubaya hapo, mistari ile ilikuwa inamtafuta wastani, haikuwahi kumtafuta mtu. Ila watu wenyewe hawakukaribiana hata kidogo, walilia kwa kutawanyika vilevile kama mababu zao. Mwanzoni alipita mmoja tu katika kila wanne. Walipoona wanaofaulu ni robo, na waliambiwa wawe tisini na tano kwa mia, unadhani walisema mistari imesomwa vibaya? Walisema watu wameharibika. Wakajitokeza kwa uzalendo kupimwa wengi zaidi, na maandazi mkononi, foleni kutoka alfajiri, ili nchi ijirekebishe. Kila aliyepimwa alisogeza mstari kidogo, akamfungia mlango mwenzake. Mji ukabaki na makaburi ya kuhesabika, Kando ikafurika. Kila mwaka Baraza lilitoa tangazo la furaha: tazameni mistari ilivyokaribiana, tunazidi kuwa kitu kimoja.

*

Jua lilikuwa nusu ya ua wakati Siwema alipotoka. Bi Mkejina alimuuliza unaenda wapi ukiwa na maiti ndani, naye mwenyewe hakujua. Miguu ilijua.

Njiani alikutana na watu ambao nyuso zao zimeanza kufanana, pua ya huyu imekopwa kwa yule. Walimpa pole kwa sauti moja. Alipopita mbele ya kioo cha duka akaona wajane watatu, halafu msichana mwenye mikia miwili, halafu mwanamke mzee asiyemfahamu ambaye alinyanyua mkono alipounyanyua yeye.

Nani huyo. Ni mimi. Mimi yupi. Gawanya. Mama aliyezaa mmoja, akafiwa na mmoja, wastani wake ni nini. Sampuli ya mtu mmoja. Sampuli ya mmoja haina mkengeuko, utagawanya kwa sifuri, niliwafundisha hilo, nikawachekesha darasani. Mtoto mmoja hatangatangi kutoka kwa mwenyewe. Alikuwa wastani wake mwenyewe. Alikuwa mstari wa chini na wa juu. Kama wangepimwa mia wangesema nini. Tisini na tano. Tisini na tano. Na watano je.

Akasimama katikati ya njia. Na watano je? Yakini ya tisini na tano haikuwa yakini, ilikuwa ahadi yenye tundu. Ukichora mistari kama ile mara mia, kwa sampuli mia, jozi tano zitamkosa wastani kabisa, na hazina alama usoni. Ili usikose kamwe, yakini lazima ipande. Na yakini ikipanda, mistari huachana. Tisini na tisa, inaachana. Mia? Siwema akaanza kutembea haraka, kisha akaanza kukimbia, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakuwa analia. Mfa maji haachi kutapatapa, lakini huyu alikuwa ameshika kitu.

Baraza ni wazee kumi na wawili wanaosema kwa pamoja, na kinachomfikia msikilizaji ni wastani wa sauti zao, si ya mume wala ya mke, haina hasira wala huruma. Siwema akapiga goti.

"Mpima Mkuu, una maiti nyumbani," ilisema sauti. "Umekuja kuomba."

"Sikuja kuomba, waheshimiwa. Nimekuja kuwaonya. Mistari mnayotawalia ina yakini ya tisini na tano kwa mia. Katika kila jozi mia, tano ni za uongo, na hata mimi niliyezichora siwezi kuzitambua. Huenda ya mwaka huu ni mojawapo."

"Umelijua hilo tangu lini?"

"Tangu siku mliyonipa kiti."

"Tunataka mia."

"Mia ipo, waheshimiwa. Ila ina gharama. Mistari itaachana."

"Itaachana hadi wapi?"

"Wa chini utazama chini ya kitako cha bilauri. Wa juu utapanda upite mdomo wake, upite dari, usionekane tena."

"Na kila kilio kitakuwa ndani?"

"Kila kilio."

"Hata bilauri kavu?"

"Hata kavu."

"Na sisi hatutakosea kamwe?"

"Kamwe," alisema Siwema, na ilimbidi auume mdomo usicheke. Alikuwa amewatega kwa tamaa yao wenyewe. Watu waliokataa ukweli miaka yote walikuwa wanaumeza sasa kwa sababu umepakwa asali ya yakini.

"Iwe mia," ilisema sauti. "Ahsante, Mpima Mkuu. Umetupunguzia kazi."

Neno lile la mwisho lingemtosha mtu mtulivu kushituka. Siwema hakuwa mtulivu, alikuwa mama. Aliinuka bila kuaga vizuri, akatoka.

*

Tangazo lilifika mjini kabla yake. Watu walipiga masufuria, walikumbatiana, akina mama waliketi chini katikati ya barabara wakitaja kwa vidole watoto ambao miaka yote hawakuwahesabu. Majamvi yalikuwa yanarudi kutoka Kando, foleni ndefu, kila mtu amebeba mifupa ya marehemu wake. Mwinyikombo alikuwa amebeba ya mwanawe kwenye shuka jeupe, kaikumbatia kifuani kama mtu anayemtoa mtoto kwenye baridi, na uso wake ulikuwa mpya kabisa. Alimwona Siwema akamwita kwa mbali.

"Mwalimu! Mungu akupe umri! Nimeimwaga bilauri yako kwenye mgomba. Haina kazi tena!"

Wakamtoa binti nyumbani juu ya kitanda cha kamba. Bi Mkejina alitangulia akinyunyiza maji ya waridi, na majirani wale wale waliokuwa na wivu asubuhi walibeba kwa zamu, wanagombea miguu ya kitanda. Siwema alitembea pembeni na mkono wake juu ya kanga. Nilikuwa nimekwambia ana uchungu, na alikuwa nao, lakini lazima niseme pia kwamba mwendo ule wa kwenda katikati ya mji ulikuwa karibu na furaha. Mtoto atakuwa na jiwe. Mama atapita hapo kila siku, atalisoma kwa kidole.

Makaburi yalikuwa yamechimbwa mengi kwa mpigo. Wachonga mawe walikaa kwa mstari wakifanya kazi kwa kasi, na mawe yaliyokamilika yaliegemezwa ukutani. Siwema akasoma la kwanza. Akasoma la pili. Akafuata ukuta wote hadi mwisho, akarudi, kwa sababu alidhani macho yana machozi na yanamrudishia neno moja.

WASTANI. WASTANI. WASTANI.

"Ni nini hiki?" alimuuliza Mwinyikombo, aliyekuwa ameshamlaza wake na sasa anakung'uta udongo mikononi.

"Hukusikia tangazo lote? Walisoma na mengine." Mwinyikombo akakunja uso akitafuta maneno yalivyokuwa. "Walisema, jina lilikuwa la kumtenga aliye ndani na aliye nje. Nje sasa hakuna. Aliye ndani ya mistari ndiye wastani, na sote tumo, kwa yakini ya mia kwa mia. Kwa hiyo jina ni moja. Na bilauri hazigawiwi tena."

Siwema alilijua hilo. Hufundishwa mwaka wa kwanza, kabla mwanafunzi hajazoea viti: mistari inayomkubali kila mtu haisemi lolote juu ya mtu yeyote. Alikuwa ameliandika ubaoni mara nyingi kwa mwandiko wake mzuri, akalipigia mstari, akafuta.

Walikuwa wanamteremsha mtoto. Bi Mkejina alimshika Siwema kiuno asianguke. Jiwe lilikuwa limeletwa, limelazwa pembeni likisubiri, neno lake bado lina unga mweupe wa kuchongwa.

"Bwana Mwinyikombo," alisema Siwema. "Mwanao aliitwa nani?"

Mwinyikombo akaangalia kulia na kushoto.

"Wastani."

"Kabla ya hapo."

"Kabla ya hapo hakuwa na kaburi, Mwalimu."

"Wangu aliitwa Mwanatumu."

Lilitoka kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Wabebaji wakasimama na kamba mikononi. Mchonga jiwe mmoja akanyanyua kichwa. Kwa upande wa barabara, pale walipokaa askari wa Baraza wakinywa chai, mmoja akaweka kikombe chini.

"Mwanatumu," alisema tena. "Binti yangu. Mwanatumu."

Mwinyikombo alisogea haraka, akamshika mabega kama anayemtuliza mfiwa aliyepagawa, mdomo wake karibu na sikio lake.

"Nyamaza, nakuomba. Jina lingine lolote ni mkengeuko, nalo lilikuwa kwenye tangazo. Watamtoa humo sasa hivi wamrudishe Kando, na safari hii hawatakuruhusu hata kujua nyasi zipi. Unadhani mimi nimelisahau la wangu? Ninalo. Litakufa na mimi. Chagua, Mwalimu. Jina au kaburi. Wote hapa tumeshachagua."

Siwema aliwatazama waliomzunguka. Kila mmoja aliinamisha macho kwenye kaburi lake, na midomo ya wengine ilikuwa inatikisika kidogo, imefumbwa. Askari aliyeweka kikombe alikuwa anakuja, hana haraka, anajifuta mikono kwenye suruali. Mtoto alikuwa chini kwenye kivuli cha ardhi, mdogo, kanga imekaa vizuri, uso umeelekezwa inapopasa. Walikuwa wanamsubiri mama yake, kwa sababu udongo wa kwanza ni wake.

Siwema akapiga magoti, akachota udongo kwa mikono miwili, akaumwaga taratibu.

"Mungu amlaze Wastani mahali pema," alisema, na wote wakaitikia amina.